SOMO LA JIKONI NA LA DAFTARINI: VIAZI VITAMU VYA KUOKA KWA ROJO LA ASALI NA UKWAJU



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza utunzaji wa kitabu cha ghala, uandikaji wa stakabadhi, na wajibu wa Bodi kabla ya Mkutano Mkuu. Somo la leo linatoka jikoni. Najua wapo watakaouliza mkaguzi wa ushirika anatafuta nini penye masufuria, na swali hilo ni la haki. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka siku nilipoonyeshwa kosa langu mbele ya watu. Kosa hilo nitalieleza mahali pake. Kwanza na tujifunze chakula chenyewe, kwa kuwa vitabu vya kikundi kinachopika havisomeki sawasawa na mtu asiyejua upishi wake.

Chakula hicho ni viazi vitamu vilivyokatwa kama chipsi, vikaokwa katika tanuri badala ya kukaangwa katika karai la mafuta, na mwishoni vikapakwa rojo lenye utamu wa asali, uchachu wa ukwaju na chumvi. Vipo vikundi vya akina mama ndani ya vyama vyetu ambavyo tayari vina tanuri la mikate na skonzi. Kwa vikundi hivyo chakula hiki hakihitaji chombo kipya hata kimoja.

Kuchagua viazi

Si kila kiazi kitamu hufaa. Kiazi chenye maji mengi hulegea tanurini na kulala kama utepe. Kiazi cha unga, kile ambacho kikichemshwa humkaba mlaji kooni mpaka aagize chai, ndicho kitoacho kipande kinachosimama. Ikiwezekana, kichaguliwe chenye nyama ya rangi ya chungwa. Wakulima wengi sasa wanazijua mbegu za Kabode, Mataya na Ejumula. Rangi hiyo ni karotini, nayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho na kuwapa watoto nguvu ya kupambana na maradhi. Kazi ya kuviboresha na kuvieneza viazi hivi katika Afrika ilitambuliwa mwaka 2016, pale Tuzo ya Chakula Duniani ilipotolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis. Karotini huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee vema, kwa hiyo kijiko cha mafuta tutakachokitaja hapa chini hakikuwekwa kwa ajili ya ladha tu.

Kiazi kilichotobolewa na fukusi kitupwe. Uchungu wake hauondoki kwa kupikwa, wala rojo haliwezi kuuficha, na kipande kimoja kichungu humfukuza mnunuzi kwa mwezi mzima. Jambo la kukumbuka ni kwamba viazi vibovu hutolewa kabla ya mizani ya ghala, si baada yake. Viazi visiwekwe ndani ya jokofu, kwa maana baridi iliyo chini ya nyuzi 12 huviumiza, na moyo wa kiazi hubaki mgumu hata ukikipika namna gani. Mahali pakavu, penye kivuli na hewa, panatosha.

Mahitaji ya sinia moja

Viazi vitamu kilo 1 kabla ya kumenywa. Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 2. Unga laini wa muhogo uliochekechwa, kijiko kikubwa 1. Kwa rojo: asali vijiko vikubwa 3, maji mazito ya ukwaju vijiko vikubwa 2, chumvi nusu kijiko cha chai, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi mbichi iliyokunwa, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na pilipili ya unga kwa kadiri ya wanunuzi wako. Mahali ambapo asali ni ghali, sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji machache itafanya kazi hiyo bila aibu.

Kukata na kuoka

Menya viazi, uvikate vipande vya urefu wa kidole na unene wa sentimeta 1. Vilingane. Chembamba kitaungua kabla kinene hakijaiva, na hapo ndipo wapishi wengi hulaumu tanuri bure. Viloweke katika maji baridi kwa nusu saa, ili wanga ulioachwa na kisu utoke, kisha vimwage maji na kuvikausha kwa kitambaa safi mpaka mkono ukivishika usipate unyevu. Usiharakishe hatua hii. Kipande chenye maji hakiokwi, bali huchemka kwa mvuke wake chenyewe, nawe utatoa tanurini kitu kisicho chipsi wala kiazi cha kuchemsha. Nyunyiza unga wa muhogo, changanya, kisha tia mafuta na kuchanganya tena. Unga huo hufanya ngozi nyembamba inayokauka vizuri. Chumvi isitiwe sasa, kwa sababu huvuta maji kutoka ndani.

Panga vipande juu ya sinia la bati, safu moja tu, na visigusane. Nimeona masinia yaliyojazwa mpaka juu kama lumbesa, na matokeo yake ni uji. Ni afadhali kuoka mara mbili.

Tanuri liwe na moto wa nyuzi 200 hadi 220. Vijijini wachache wana kipimajoto, lakini kipimo cha zamani bado ni kizuri: nyunyiza unga wa ngano juu ya kipande cha bati na kukiingiza tanurini kwa dakika 5. Unga ukitoka na rangi ya dhahabu iliyokolea, moto unafaa. Ukibaki mweupe, ngoja. Ukiwa mweusi, acha mlango wazi kwa kitambo. Oka dakika 15, geuza kila kipande, kisha oka dakika 10 nyingine.

Kwa wenye tanuri la udongo, ambalo hupashwa moto kisha makaa yakakombwa nje, nina shauri moja ambalo kina mama walinifundisha. Viazi vitangulie, skonzi zifuate. Tanuri likiwa limetoka tu kukombwa huwa kali mno kwa skonzi, na wengi hukaa wakisubiri lipoe huku joto walilolinunua kwa kuni likipotea. Muda huo wa kusubiri ndio muda wa viazi. Ama asiye na tanuri kabisa, njia ya watu wa Pwani ya kupalia makaa itamfaa: sufuria nzito, makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Lakini kifuniko kiachwe na upenyo mdogo wa kutoa mvuke.

Rojo, na sababu ya kulipaka mwishoni

Chemsha asali, ukwaju, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka rojo litakapoganda mgongoni mwa kijiko na kuteleza polepole. Dakika 4 au 5 zatosha. Likizidi kuchemka litakuwa pipi.

Rojo hupakwa wakati viazi vimekwisha kuiva na kukauka, kisha sinia hurudishwa tanurini kwa dakika 3 hadi 5 tu, mpaka vipande ving'ae. Mwenye haraka atataka kulitia tangu mwanzo ili likolee. Asifanye hivyo! Sukari iliyomo katika asali huungua mapema kuliko kiazi kuiva; nje patakuwa cheusi na kichungu, ndani kibichi. Tena maji ya rojo yatalainisha kile kipande ulichohangaika kukikausha.

Lipo jambo kuhusu utamu ambalo naliona la ajabu, na nawaomba mnivumilie kidogo. Sehemu kubwa ya utamu wa kiazi haitoki shambani, bali huzaliwa motoni. Ndani ya kiazi kimo kimeng'enya kinachouvunja wanga na kuufanya sukari iitwayo maltosi, nacho hufanya kazi kiazi kipitapo katika joto la kama nyuzi 60 hadi 75. Likizidi sana, kimeng'enya hufa na kazi hukoma. Ndiyo sababu kiazi kizima kilichofukiwa majivuni, ambacho hupata moto polepole, huwa kitamu sana, na watoto wachungao ng'ombe wamelijua hilo bila kufundishwa na mtu. Vipande vyetu vyembamba hulipita joto hilo upesi mno, kwa hiyo havipati utamu wote vinaoweza kuupata. Rojo hulipa deni hilo, na ukwaju na chumvi huzuia utamu usichoshe ulimi.

Rangi ya kutoa tanurini ni ya dhahabu, si ya kahawa. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vyenye wanga vikiokwa au kukaangwa kwa moto mkali hufanya kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo katika majaribio imeleta saratani kwa wanyama. Kadiri rangi inavyokuwa nyeusi ndivyo kemikali hiyo inavyozidi. Basi vipande vilivyoungua vitupwe, na uzito wake uandikwe.

Karoti na boga huokwa kwa njia hii hii, ila vina maji mengi zaidi, navyo havitakauka kama viazi. Vikiuzwa vichanganywe navyo, visiuzwe peke yake.

Hoja ya kilo 54

Sasa nieleze kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha Usukumani chenye kikundi cha akina mama waliooka viazi na skonzi kwa ajili ya gulio. Kitabu cha ghala kilionyesha kwamba katika mwezi mmoja zilitolewa kilo 120 za viazi kwenda jikoni. Kitabu cha mauzo kilionyesha kilo 66 zilizouzwa. Sikumwuliza mtu. Niliandika: "Upungufu wa kilo 54. Mweka hazina aeleze au alipe." Hoja ilisomwa mbele ya Bodi. Mweka hazina wa kikundi alikuwa mama mjane wa makamo, na vitabu vyake vya miaka ya nyuma havikuwa na doa. Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba amekula viazi vya chama. Uchaguzi wa kikundi ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Alisimama, akasema kwa utulivu, "Bwana Mkaguzi, wewe si umekulia huku kwetu? Gunia la viazi hutoa gunia la michembe?"

Watu wakacheka. Kila Msukuma anajua kwamba viazi vikikatwa na kuanikwa kuwa michembe, au vikichemshwa na kuanikwa kuwa matobolwa, gunia hugeuka kuwa debe kadhaa tu. Nami nilijua hivyo tangu utoto.

"Mama, michembe hukaushwa na jua," nikamjibu, nikijaribu kuokoa heshima yangu.

"Na hivi hukaushwa na moto. Njoo kesho na mizani yako."

Nikaenda. Tulipima kilo 10 za viazi vilivyokwisha kuchambuliwa. Baada ya kumenya zilibaki kilo 8.4, na maganda tukayapima pia, yakatimia kilo 1.6. Tukakata, tukaloweka, tukakausha, tukaoka kwa awamu tatu. Kabla ya kupaka rojo, vipande vyote vilikuwa kilo 4.9. Kilo 3.5 zilikuwa zimepanda hewani kama mvuke mbele ya macho yangu, na hakuna aliyezila. Baada ya rojo uzito ukawa kilo 5.6.

Piga hesabu. Ikiwa kilo 10 hutoa kilo 5.6, basi kilo 120 zingetoa kilo 67.2. Mama yule alikuwa ameuza kilo 66. Tofauti ni kilo 1.2 kwa mwezi mzima, yaani vipande vilivyoungua, vilivyovunjika na vilivyoonjwa na wanunuzi.

Niliifuta hoja kwa barua, lakini barua haikutosha, kwa kuwa shutuma ilikuwa imesomwa hadharani. Niliomba nafasi katika mkutano wa uchaguzi, nikasimama, nikasoma vipimo vyote kama nilivyovisoma kwenu hapa, na kusema kwamba aliyekosa ni mkaguzi. Mama alichaguliwa tena, ingawa kwa kura chache kuliko mwaka uliotangulia. Kura hizo zilizopungua naziandika upande wangu wa daftari.

Katibu afanye nini

Kikundi kikianza kazi hii, Katibu asimamie upimaji wa majaribio walau mara tatu, kwa viazi vya shamba lile lile, na matokeo yatiwe sahihi na wote waliohudhuria. Wastani wake uingizwe katika kumbukumbu za Bodi kama kiwango cha kikundi. Vipimo vyangu vya kilo 5.6 visichukuliwe kama sheria. Viazi vya masika vina maji kuliko vya kiangazi, na kisu cha mmoja hula nyama ya kiazi kuliko cha mwingine. Kila siku ya kuoka daftari lionyeshe uzito uliotoka ghalani, uzito baada ya kumenya, uzito baada ya kuoka, uzito baada ya rojo, na uzito wa vilivyotupwa. Wengi huisahau safu ya rojo, nayo yaweza kumficha mwizi: kikundi kikipoteza viazi na kuongeza rojo, jumla itaonekana sawa. Kwa hiyo asali nayo iwe na ukurasa wake katika kitabu cha ghala.

Tena chama kisinunue viazi kwa lumbesa. Gunia lililofungwa kilemba halina uzito unaojulikana, na bila uzito wa kuanzia safu zote nilizozitaja ni mapambo.

Kupotea kwa uzito hakuhusu uaminifu peke yake; kunahusu bei. Nitumie bei za mfano, ambazo kila chama kibadilishe kwa bei za kwake. Tuseme viazi kilo 10 ni shilingi 10,000. Asali gramu 600 ni shilingi 6,000. Mafuta shilingi 2,000. Ukwaju na viungo shilingi 1,000. Kuni au mkaa shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 22,000, bado ujira wa mikono. Mwenye kugawanya kwa kilo 10 atapata shilingi 2,200 kwa kilo, ataweka bei ya shilingi 3,000, na atalala akiamini ana faida ya shilingi 800. Lakini hana kilo 10 za kuuza. Anazo kilo 5.6. Gharama yake ya kweli ni karibu shilingi 3,930 kwa kilo. Akiuza zote atapokea shilingi 16,800, na hasara yake ni shilingi 5,200 kwa kila kilo 10 alizozioka. Kadiri anavyouza sana ndivyo anavyofilisika upesi, huku akisifiwa kwa wingi wa wateja. Kikundi cha mama yule, kwa bahati njema, kiliuza kwa vifurushi vya gramu 200. Kwa bei zetu za mfano, kilo 5.6 hutoa vifurushi 28. Kila kimoja kikiuzwa shilingi 1,000, mapato ni shilingi 28,000, na shilingi 6,000 hubaki kwa ajili ya ujira na akiba.

Neno la mwisho ni juu ya kuuza. Viazi hivi havikai. Baada ya nusu saa unyevu wa ndani hutoka nje na kipande hulegea, na kikifunikwa hulegea mapema zaidi. Kwa hiyo siku ya gulio, okeni bila rojo, mvichukue vikiwa wazi katika ungo, mvipashe moto juu ya bati mnunuzi akifika, na kumpakia rojo pale pale. Mtakaouza kwa njia hii, pimeni vifurushi baada ya kupaka rojo, kama mlivyofanya katika majaribio.

Maswali ya kikundi cha masomo

1. Kikundi kilitoa ghalani kilo 40 za viazi na kuuza kilo 25 zilizopakwa rojo. Kiwango chake kilichokubaliwa na Bodi ni kilo 5.5 kwa kila kilo 10. Je, pana upungufu au ziada? Katibu aangalie ukurasa gani kwanza?

2. Kwa nini chumvi na rojo havitiwi mwanzoni? Toeni sababu mbili kwa kila kimoja, kama mnazo.

3. Pimeni kilo 2 za viazi vya mwanachama mmoja wenu, vimenyeni na kuvioka kama ilivyoelezwa, na mwandike uzito katika kila hatua. Linganisheni na vipimo vilivyomo katika somo hili. Vikitofautiana, jadilianeni sababu kabla ya kumtafuta wa kumlaumu.

4. Hoja ya mkaguzi ikisomwa katika Bodi kabla mhusika hajaulizwa, Bodi ina haki ya kufanya nini? Mwandikieni mkaguzi wenu jibu lenu.